Sabuni Kavu: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwa Mkaguzi wa Chakula wa Serikali

Habari za bwana afya hufika sokoni kabla yake. Akiwa bado anaegesha pikipiki chini ya mwembe, mwenye kibanda cha kwanza ameshampigia simu mwenye kibanda cha kumi. Aproni zinavaliwa, nywele zinafunikwa, ndoo ya bomba inajazwa maji, na juu ya mfuniko wake kinawekwa kipande cha sabuni. Afisa anafika na kukuta kila kitu mahali pake. Aliye mgeni kazini ataandika "pako safi" na kupita. Mzoefu ataishika ile sabuni. Ni kavu, na herufi za kiwanda bado zimesimama kama zilivyotoka kwenye karatasi. Tangu alfajiri hapa wamepika supu, chapati na maharage, na hakuna mkono hata mmoja uliopita kwenye sabuni hii.

Ukielewa kisa hicho, umeielewa nusu ya kazi. Kila jiko huwa safi siku ya ukaguzi. Unachotafuta wewe ni jiko la siku ambazo hupo. Masomo ya vijidudu, vifungu vya sheria, kipimajoto na daftari, vyote vinakufundisha kusoma alama zilizoachwa na siku hizo. Mwongozo huu unafuata njia ya Tanzania Bara, kuanzia darasani hadi kwenye usaili.

Jua kwanza unataka mlango upi

Watu wengi husema "nataka kuwa mkaguzi wa chakula" kana kwamba ni kazi moja. Ni milango kadhaa, na kila mmoja una chuo chake.

Mlango wa kwanza na mkubwa ni halmashauri. Huko yuko afisa afya mazingira, ambaye mtaani bado anaitwa bwana afya au bibi afya. Huyu anakagua migahawa, mabucha, maduka, mashine za kusaga, shule, hoteli na mama lishe. Chakula ni sehemu tu ya majukumu yake: leo yuko jikoni, kesho yuko kwenye dampo, keshokutwa anafuatilia mlipuko wa kipindupindu. Nguvu zake zinatoka kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri yake.

Mlango wa pili ni Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Hapa ieleweke historia, maana hata maafisa hukutana na wafanyabiashara wanaotaja taasisi ambayo haipo tena. Kwa sheria ya mwaka 2003, usalama wa chakula ulikuwa chini ya TFDA, mamlaka iliyosimamia chakula, dawa na vipodozi kwa pamoja. Wafanyabiashara walilalamika kwamba bidhaa moja inakaguliwa na taasisi mbili. Kuanzia Julai 2019, chakula na vipodozi vilihamishiwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Kwa hiyo usajili wa majengo ya chakula na wa vyakula vilivyofungashwa, ukaguzi wa viwanda na wa shehena zinazoingia nchini ni kazi ya TBS kwa Sheria ya Viwango, na baadhi ya majukumu hayo hukasimiwa kwa maafisa wa halmashauri.

Mlango wa tatu ni machinjio. Anayepasua ini na kupiga mhuri kwenye paja la ng'ombe ni mtaalamu wa mifugo. Mlango wa nne ni samaki: maafisa uvuvi kwenye mialo na viwanda, wakisaidiwa na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyopo Nyegezi, Mwanza. Kazi hii ilipata heshima kwa njia chungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilisimamisha mara kadhaa kununua sangara wa Ziwa Viktoria, kwa sababu za vijidudu, kipindupindu, na kisha uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama na wavuvi wakakosa soko. Kanda ya Ziwa ilijifunza kwamba cheti cha mkaguzi kina thamani sawa na samaki mwenyewe.

Zanzibar ina taasisi zake, ikiwemo Wakala wa Chakula na Dawa. Ukiwa Kenya, njia inayofanana na hii ni ya afisa wa afya ya umma, kazi ambayo wengi huisomea katika chuo cha tiba cha KMTC na kusajiliwa na baraza lao. Usichanganye: cheti cha upande mmoja hakikupi moja kwa moja ajira ya upande mwingine.

Masomo: chuo kipi, sifa zipi

Kwa mlango wa halmashauri, soma afya mazingira. Stashahada inachukua miaka mitatu, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 ya tuzo za ufundi (NTA), katika vyuo vya afya kama Ngudu kule Kwimba, Kagemu mjini Bukoba, au Mpwapwa. Shahada inatolewa Muhimbili, MUHAS. Anayetoka kidato cha nne anadaiwa ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake yawepo masomo ya sayansi kama Baiolojia na Kemia. Usitegemee maneno ya kaka yako aliyesoma miaka mitano iliyopita. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wa mwaka unaoomba, usome mstari wa kozi yako neno kwa neno, na uhakikishe chuo kina usajili kabla hujalipa hata shilingi.

Kwa mlango wa TBS, shahada inayoombwa mara nyingi ni ya sayansi na teknolojia ya chakula, inayosomwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaosoma kemia, mikrobiolojia au afya mazingira nao hupata nafasi, kulingana na tangazo.

Kwa machinjio, nenda LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo wenye kampasi kama Tengeru, Mpwapwa na Buhuri, au usome udaktari wa mifugo SUA. Kwa samaki, kuna FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, yenye kampasi za Mbegani Bagamoyo na Nyegezi.

Jambo moja husahaulika: kumaliza chuo si kuruhusiwa kufanya kazi. Wataalamu wa afya mazingira wana baraza lao la usajili, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Bila namba ya usajili, saini yako kwenye notisi haina uzito, na wakili wa mfanyabiashara ataliona hilo kabla ya hakimu.

Darasani: usikariri majina, fuata chakula

Utafundishwa majina marefu ya vijidudu. Mwanafunzi anayekariri majina hufaulu mtihani, lakini akifika jikoni anapotea. Anayejua kijidudu kinaishije ndiye atakayejua aangalie wapi.

Chukua wali. Mchele kutoka shambani hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiiva na kuliwa moto, hakuna neno. Wali ule ule ukiachwa kwenye sufuria kubwa, umefunikwa, kwenye joto la mchana wa Dar es Salaam, mbegu zinaamka, zinazaana na kutengeneza sumu. Sasa sikia hapa: mpishi atakwambia, "Usijali bosi, nitaupasha." Kupasha kunaua bakteria, lakini ile sumu inayotapisha inavumilia moto. Kiporo kilichoharibika hakitengenezwi na kuni. Na wewe huwezi kumwelewesha mpishi usichokielewa mwenyewe.

Ndiyo maana utaimba namba mbili mpaka uziote: nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula cha baridi kikae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, cha moto juu ya 60. Kati ya hapo ni uwanja wa hatari. Kwenye joto zuri na chakula cha kutosha, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila dakika 20. Piga hesabu: mmoja anakuwa 2, wawili wanakuwa 4, na saa 7 baadaye wamepita milioni 2. Mtu aliyepika saa 12 asubuhi na kuuza saa 7 mchana ameshavuka hapo.

Halafu kuna hatari isiyo na kijidudu hai ndani yake: sumukuvu. Mahindi na karanga zilizovunwa zikalundikwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huacha sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kwa kusagwa. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu ya mikoa ya kati ya Tanzania, Dodoma na Manyara, na watu takribani 20 walipoteza maisha, wengi wao watoto. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu ya aina ya aflatoksini isizidi sehemu 10 katika bilioni kwa jumla, huku ile kali kuliko zote, B1, isizidi 5. Sehemu moja katika bilioni haionekani kwa jicho wala haisikiki ulimini. Ndiyo maana mkaguzi anahitaji maabara, na maabara inahitaji mkaguzi anayejua kuchukua sampuli.

Vitendo: begi lako na njia yako

Mafunzo kwa vitendo ndiyo yatakayokufanya mkaguzi. Usiyachukulie kama likizo ya chuo. Omba upangiwe halmashauri yenye soko kubwa, na uwe mtu wa kwanza kufika.

Begi la mkaguzi halina mengi: kitambulisho, koti jeupe, kofia ya nywele, tochi, kipimajoto cha kuchoma chenye sindano ya chuma, pamba na spiriti ya kukisafishia, mifuko safi ya sampuli, lakiri, kalamu isiyofutika na daftari. Kila asubuhi hakiki kipimajoto chako. Weka barafu iliyopondwa kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, zamisha sindano. Kisome nyuzi 0. Wengine huhakiki kwa maji yanayochemka, wakisahau kwamba nyuzi 100 ni za pwani. Dodoma maji huchemka karibu nyuzi 96, na Mbeya karibu 94. Ukiwa Mbeya ukarekebisha kipimajoto mpaka kisome 100, umekiharibu kwa mikono yako, na kila namba utakayoandika siku hiyo ni ya uongo.

Ukiingia mahali, usikague chumba, fuata chakula. Anza kinapoingilia na uishie kwenye sahani ya mteja. Nyama imetoka wapi, ina mhuri, risiti iko wapi? Imehifadhiwa wapi, chini ya nini, juu ya nini? Nani anaikata, na kisu hicho hicho kinakata nini baadaye? Inaiva kiasi gani, inakaa muda gani, inabaki nini jioni, na kilichobaki kinakwenda wapi? Swali la mwisho ndilo linalowatoa watu jasho.

Ukiwa njiani, soma alama. Fungua friji ya kugandishia utazame chini ya mfuko wa kuku. Kama damu imeganda pale chini kama sahani ya kioo, na vipande vimeshikana kuwa jiwe moja, kuku hao waliyeyuka umeme ulipokatika wakagandishwa upya. Fungua daftari la joto la friji. Kama siku 30 zote zimeandikwa nyuzi 4, kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule, ujue limeandikwa asubuhi hii. Piga tochi pembeni mwa ukuta: kinyesi cha panya kilicho laini na chenye kung'aa ni cha jana usiku, cha kijivu kinachovunjika kama mkaa ni cha zamani. Omba kadi za afya za wahudumu, ambao wanapaswa kupimwa kila baada ya miezi sita, kisha hesabu vichwa. Kadi tano na watu wanane? Watatu ni akina nani?

Machinjioni alama ni nyingine. Kazi inaanza mnyama akiwa hai, akitembea: anachechemea, anatoa udenda, anahema vibaya? Baada ya kuchinjwa, utafundishwa kupasua misuli ya taya na moyo kutafuta vifuko vya tegu vilivyo vidogo kama punje ya mchele, kupapasa mapafu, kupasua mitoki kutafuta kifua kikuu, na kukata mirija ya ini kutafuta minyoo bapa. Fanya hivyo kwa mnyama wa kwanza na wa mia kwa utaratibu ule ule. Mkaguzi anayechoka akaruka taya la mnyama wa 60 hajapumzika. Amehamishia kazi yake kwa daktari wa wilaya.

Kwenye maziwa utapewa laktomita, chombo kinachoelea kupima uzito wa maziwa. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma karibu na 1.030, maji husoma 1.000, kwa hiyo mwenye kuongeza maji, laktomita inazama na kumtaja. Lakini wachakachuaji nao wamesoma. Ukiondoa krimu, maziwa yanakuwa mazito. Ukiongeza maji, yanarudi kuwa mepesi. Akifanya yote mawili kwa hesabu nzuri, laktomita itasoma sawa sawa na wewe utapigwa chenga. Ndiyo sababu hakuna chombo kimoja kinachotosha: nusa kwa pua, tazama kwa jicho, pima mafuta, kisha uamue.

Sampuli na daftari: kesi hushinda au hufa hapa

Gunia la mahindi haliwi na sumukuvu kila mahali. Punje chache zinaweza kubeba sumu yote, zikiwa zimejificha kwenye kona moja. Ukichota kiganja juu ya gunia moja, unapiga ramli. Tumia bambo, kile chuma cha kutolea nafaka guniani: choma magunia kadhaa, juu, katikati na chini, changanya ulichopata, gawa mara nne, changanya tena, mpaka upate sampuli ndogo inayowakilisha shehena yote.

Mila ya kazi hii ni kugawa sampuli mbele ya mwenye mali na kumwachia sehemu yake, ili akipinga matokeo awe na cha kupima. Piga lakiri kila mfuko, andika namba, tarehe, saa na mahali, na mwenye mali asaini. Sampuli ya kupima vijidudu isafiri kwenye boksi la barafu na ifike maabara haraka, kwa sababu bakteria hawasubiri foleni ya magari ya Ubungo. Kila mkono uliopokea mfuko huo uandikwe, kutoka kwako hadi kwa mtaalamu wa maabara ya TBS au ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Pengo la nusu saa lisilo na jina ndilo tundu ambalo kesi nzima itaponyokea.

Jifunze kuandika. Mwanafunzi huandika hivi: "Jiko chafu, wali haufai." Hayo ni maoni, na maoni hubishiwa. Mkaguzi huandika hivi: "Saa 8:20 mchana. Sufuria ya wali, imefunikwa, iko sakafuni kando ya mlango wa nyuma. Joto katikati ya sufuria: nyuzi 38. Mpishi amesema ulipikwa saa 12 asubuhi. Picha namba 4." Hapo hakuna neno "chafu" wala "haufai", lakini yeyote anayesoma, awe mkuu wako au hakimu, anafikia uamuzi mwenyewe. Andika palepale, si jioni nyumbani. Kumbukumbu nayo huharibika ikikaa kwenye joto.

Watu: somo lisilo na mtihani

Siku ya kwanza mtaani utajua kwamba chakula hakikuogopi, ila mwenye chakula anakuogopa. Mama lishe anayekutazama ukizamisha sindano kwenye maharage yake ana mtaji wote ndani ya sufuria zile tatu, na ada ya mtoto imo humo. Ukisahau hilo utakuwa katili. Ukilikumbuka peke yake utakuwa huna kazi. Mlaji anayekaa kwenye benchi lile, kuli aliyelipa shilingi zake, naye ana watoto.

Anza kwa salamu na kitambulisho. "Shikamoo mama. Naitwa fulani, afisa afya wa kata. Nimekuja kuangalia tunavyohudumia wateja. Naomba tuzunguke pamoja." Neno "pamoja" lina kazi kubwa: linamfanya aone unachokiona. Ukikuta kosa, eleza sababu kabla ya sheria. Mwambie wali ugawanywe kwenye sinia pana zipoe haraka, badala ya kumwambia amevunja kifungu. Kosa linalorekebishika, toa notisi yenye siku na urudi siku hiyo hiyo uliyoiandika. Notisi isiyofuatiliwa ni karatasi ya kufungia vitumbua. Lakini hatari ya sasa hivi, kama nyama isiyo na mhuri au mtu mwenye kuhara anayekanda unga, haina siku saba. Hapo unazuia, unaandika, na ikibidi unateketeza mbele ya mashahidi.

Kisha kuna "chai". Haitakujia kama bahasha siku ya kwanza. Itakuja kama soda baridi, kisha sahani ya pilau, kisha kilo mbili za nyama kwenye mfuko mweusi "za watoto". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inajulikana, ila sheria hiyo haikai na wewe kwenye benchi. Jiwekee kanuni nyepesi inayoshikika: huli bure unapokagua, na hukagui peke yako ukiweza kuwa wawili. Ukikataa soda kwa tabasamu mara tatu, soko zima litajua, na hakuna atakayekuudhi tena. Ukiipokea mara moja, soko zima litajua pia.

Kuomba kazi

Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia Ajira Portal. Fungua akaunti mapema, ukiwa bado chuoni ukisubiri matokeo. Andaa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari na vya chuo vilivyothibitishwa na wakili, na cheti cha usajili wa baraza kwa kada inayodai. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi, na kila mwaka zinaangusha watu waliokuwa na sifa zote. Mwombaji asizidi umri wa miaka 45. Hakuna ada ya kuomba: anayekupigia simu akidai "hela ya kusukuma faili" ni tapeli, mfungie namba.

Usaili wa kwanza huwa wa kuandika, na unachuja wengi. Wanaoanguka ni wale waliosoma sayansi wakasahau sheria, au kinyume chake. Kwenye usaili wa ana kwa ana, tarajia kisa: "Umefika shule ya bweni, wanafunzi 40 wanatapika tangu jana usiku. Utafanya nini?" Wasiojiandaa huanza na kufunga jiko. Jibu la mkaguzi linaanza na wagonjwa: wapate matibabu, mamlaka ya afya ijulishwe, kisha nani alikula nini na saa ngapi, nani alikula asiumwe, chakula kilichobaki kihifadhiwe kisimwagwe, wapishi wahojiwe mmoja mmoja. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui na ueleze utalitafuta wapi. Wanaokusaili wamekaa kwenye kazi hii miaka. Wanajua harufu ya maneno yaliyokaa kwenye joto.

Ukiwa unasubiri ajira, usikae. Viwanda vya unga, maziwa, maji na samaki huajiri maafisa udhibiti ubora, na aliyewahi kujaza daftari la joto kila saa kwa mwaka mzima hadanganywi na daftari la uongo.

Anza wiki hii

Huhitaji kusubiri barua ya chuo. Nunua kipimajoto cha jikoni na upime chakula cha nyumbani kwenu kila saa, kuanzia kinapoipuliwa mpaka kinapoliwa. Chora mstari wa joto hilo kwenye karatasi, utashangaa sufuria kubwa inavyochelewa kupoa. Soma lebo tano za vyakula dukani: jina, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Nenda kwa afisa afya wa kata yako, umwombe umfuate siku moja sokoni umbebee begi.

Na ukiwa huko, usitazame jiko zuri peke yake. Tazama kipande cha sabuni. Siku moja utafika kwenye kibanda cha mabati, kidogo, chenye moshi, ukutani hakuna cheti kilichofremiwa wala aproni nyeupe. Kwenye ndoo ya bomba kutakuwa na kijipande cha sabuni kilicholika mpaka kikawa chembamba kama ganda la mhogo, kinateleza, kina alama za vidole. Ondoa kofia ya hukumu. Hapo umekuta jiko la siku usipokuwepo, na liko salama kuliko hoteli uliyotoka. Andika hivyo kwenye daftari, saa na tarehe, kwa maana kazi yako ni kuliandika hilo pia.